Mpwa Asiyekuwepo

Kila Alhamisi natoka maktaba ya Obłuże
na kitabu chenye mbweha jaladani,
na kila Alhamisi Bi Kunegunda hugonga mhuri akiniuliza,
"Mpwa wako hajambo?"
"Hajambo," nasema. "Anakua."

Hana kimo wala jina, mpwa huyo.
Nilimzaa mwenyewe, hapo hapo kaunta,
siku nilipoona haya
kuwa na miaka hamsini na mitatu
na kutaka kujua kama nungunungu atafungua lango.

Nungunungu ni afisa forodha, mpaka wa mwezi.
Ana koti la kifungo kimoja, na kofia,
na hapokei rushwa, hata ya tufaha.
Ukimdanganya, mkate uliomo mkobani mwako
unashuka, unajipangusa unga,
unakwenda zake.

Mimi ni dereva wa kreni, bandari ya Gdynia,
mita arobaini juu ya lami.
Februari theluji hupiga vioo kama mtu anayedai chake.
Upepo ukizidi, kazi inasimama,
nami nakitoa kitabu chini ya mwongozo wa mitambo.
Huko chini makasha yamepangwa,
mekundu, ya buluu, ya kijivu,
kila moja na namba yake, na ndani yake najua:
viatu, friji, viatu.

Kua uyaone, alikuwa akisema mama
akininyang'anya tochi chini ya blanketi.
Nimekua, mama. Nimeyaona.
Nimemwona mwovu asiye na pembe wala mnara;
huja kwa bahasha yenye kidirisha,
Kwa heshima, tunasikitika,
na saini iliyochapwa na mashine.
Utamwendea wapi na upanga?
Ghorofa ya nne?
Amehamishwa kitengo.

Kitabuni mwovu ana anwani.
Mtoto anafunga kamba za viatu,
anakwenda kumgongea mlango,
na hakuna anayemdai cheti.

Lakini si hilo tu. Ningesema ni hilo tu,
mkate wangu ungeniaga.

Ukurasa wa tisini na moja kuna kopo la vifungo
ambamo sauti za waliokufa huhifadhiwa.
Ukilitikisa, linachakacha,
kisha mtu anakohoa, anasema jambo dogo:
Funga dirisha.
Au: Umeshakula?
Mtoto anayesoma huruka hapo, ana haraka na mbweha,
na mama yake yumo jikoni, anagonga vyungu.
Mimi nilikaa na ukurasa ule
mpaka upepo ukatulia
na redio ikaniita mara tatu, mara ya nne kwa tusi.
Kitabu chote kiliandikwa kwa ajili yake, yule mtoto.
Ukurasa ule, sijui.
Labda mwandishi aliusahau humo,
kama mtu anavyosahau miwani kwenye nyumba ya watu,
na mwenye macho mabovu akaiokota.

Jioni moja Ziemowit alipanda kunipokea zamu.
Bado anajifunza; miaka ishirini na miwili,
nanga imechorwa shingoni.
Kitabu kilikuwa wazi juu ya kiti.
"Cha mpwa wangu," nikasema, kabla hajauliza.
Akavua glavu.
Akanitazama kama tunavyoutazama mzigo
kabla ya kuunyanyua.
"Umefika pale kofia inapopotea?"
"Bado."
"Basi sisemi kitu."
Akageuka kufuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu.

Nikashuka ngazi zote mia moja sabini na mbili
nikicheka peke yangu, baridi ikiniuma meno.

Nyumbani nikafungua mkoba.
Kitabu kilikuwamo.
Mkate haukuwamo.
Nimeusahau kule juu, bila shaka.

Bila shaka.